Uzi: Max Euwe, bingwa wa dunia aliyeweka kete chini akashika mafaili

Kete Nyeusi

Wadau, kila uchaguzi wa chama cha sataranji ukikaribia hapa Nairobi ubishi ni uleule. Huyu anasema mwenyekiti lazima awe mchezaji mkali, yule anasema heri mtu wa mafaili hata kama hajui kwamba askari huenda mbele lakini hula kwa mshazari. Tumweke mezani mtu aliyekuwa yote mawili: Max Euwe wa Uholanzi, bingwa wa dunia wa sataranji 1935 hadi 1937, kisha rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, 1970 hadi 1978. Hakuna bingwa wa dunia mwingine aliyewahi kuchaguliwa kukalia kiti hicho.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1901, Watergraafsmeer, kando ya Amsterdam. Alipata udaktari wa hisabati mwaka 1926, na riziki yake ilitoka kwenye chaki: alifundisha hisabati shule ya wasichana Amsterdam. Sataranji aliicheza likizo na wikendi, na bado akawa bingwa wa Uholanzi mara 12.

Mechi ya taji ya 1935 dhidi ya Alekhine, bingwa wa wakati huo, ilianza tarehe 3 Oktoba na ilihamahama mji hadi mji ndani ya Uholanzi. Baada ya michezo 9 Alekhine alikuwa ameshinda 5, Euwe 2, sare 2. Ukiwa nyuma hivyo dhidi ya bingwa, wengi wangeanza kutafuta sare za kuficha aibu. Yeye alishinda wa 10, wa 12 na wa 14, na mambo yakawa sawa. Alekhine akachomoka tena kwa ushindi wa 16 na 19, Euwe akajibu kwa wa 20 na 21, kisha 25 na 26. Ule wa 26, uliochezwa Zandvoort, ndio unaoitwa Lulu ya Zandvoort: Euwe alitoa farasi kwa askari watatu, na askari wake wa katikati wakasonga bega kwa bega hadi Alekhine akakosa pumzi. Matokeo ya mwisho ni 15½ kwa 14½: ushindi 9 kwa 8, sare 13.

Wengi husema Alekhine alipoteza kwa sababu ya pombe. Sikatai kwamba alikunywa. Ila mlevi hachezi michezo 30 na kubakiza tofauti ya pointi moja tu. Euwe alimpa mechi ya marudiano bila kuzungushana, akapigwa 15½ kwa 9½ mwaka 1937. Baadaye, kwenye mashindano ya 1948 ya kujaza taji lililoachwa wazi na kifo cha Alekhine, alimaliza wa mwisho kwa pointi 4 kati ya 20.

Hayo ni ya uwanjani. Ya ofisini ndiyo nataka tuchambue, na mlango wa kuingilia ni makala yake ya hisabati ya 1929. Aliyeielewa aifafanue.

Refa wa Ngara

Hiyo ya 1929 naifafanua, maana inamweleza mtu huyu kuliko lulu zake zote.

Zamani zile kulikuwa na kanuni ya kuzuia mchezo usiende milele: mfululizo uleule wa hatua ukirudiwa mara tatu mfululizo, ni sare. Inasikika vizuri. Euwe akauliza: je, kweli inazuia?

Chukua mizunguko miwili. Mzunguko A (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni): farasi mweupe wa g1 aende f3, mweusi wa g8 aende f6, kisha wote warudi nyumbani. Mzunguko B: farasi wa b1 aende c3, wa b8 aende c6, warudi. Kila mzunguko unaacha ubao kama ulivyokuwa. Sasa panga A na B hivi: anza na A. Kila A igeuze iwe AB, kila B iwe BA. Unapata:

A
AB
ABBA
ABBABAAB
ABBABAABBAABABBA

Endelea unavyotaka. Kwenye mstari huo hakuna kipande chochote, kifupi au kirefu, kinachojirudia mara tatu mfululizo. Utaona AA, utaona BB, AAA huioni kamwe, wala ABABAB. Kwa hiyo wachezaji wawili wangeweza kucheza hadi kiama bila kanuni ile kuwasimamisha. Mtindo huo wa herufi wanahisabati walikuwa wameshaujua, lakini kuuleta kwenye ubao ni kazi ya Euwe.

Leo tundu hilo limezibwa. Tunahesabu hali ya ubao, si mfululizo wa hatua: hali ileile, zamu ya mchezaji yuleyule, haki zilezile za kujifungia ngomeni (mfalme na ngome kusogea kwa hatua moja) na za kula askari kwa kupita (en passant). Ikitokea mara ya tatu unaweza kudai sare. Tangu Julai 2014, ikitokea mara ya tano refa anasimamisha mwenyewe hata kama hakuna aliyedai. Ni vivyo hivyo kwa hatua 50 bila askari kusogea wala kete kuliwa: hapo unadai. Zikifika 75 refa anaingia.

Kosa ninaloona mara nyingi kwenye kumbi ni mchezaji kuicheza hatua kwanza ndipo adai. Ukishaigusa saa zamu si yako tena. Iandike hatua kwenye karatasi, usiicheze, simamisha saa, mwite refa.

Mama wa Ngome

Ahsante Refa. Sasa tuingie 1970. Euwe alichaguliwa kwenye mkutano wa Siegen, Ujerumani, na faili la kwanza mezani lilikuwa na jina Fischer. Robert Fischer, Mmarekani, hakucheza ubingwa wa Marekani wa 1969, na huo ndio uliokuwa mlango wa kufuzu. Kwa kanuni kavu, alikuwa nje ya mbio za taji. Pal Benko, aliyekuwa amefuzu, akamwachia nafasi, na Euwe akakubali. Fischer akaenda kwenye mashindano ya kufuzu ya Palma de Mallorca akashinda kwa 18½ kati ya 23, akimwacha wa pili kwa pointi 3½.

Miaka miwili baadaye, Reykjavik, Iceland: mechi ya taji, Fischer dhidi ya bingwa Spassky wa Urusi. Ufunguzi ulikuwa tarehe 1 Julai 1972 na Fischer hakuonekana. Kanuni kavu: mpige nje. Euwe akaahirisha siku mbili. Tajiri wa Uingereza, Jim Slater, akaongeza dola 125,000 na mfuko wa zawadi ukawa maradufu, Fischer akapanda ndege. Warusi wakakasirika, na walikuwa na haki. Wakamtaka Euwe atamke wazi kwamba kanuni zimevunjwa, na yeye mwenyewe ni mmojawapo wa waliozivunja. Akaandika na kutia sahihi.

Niambieni ni mwenyekiti gani mnayemjua angetia sahihi karatasi kama hiyo.

Kitunda Mpweke

Mama, hapo unamsifu kwa kuvunja kanuni. Akifanya hivyo msimamizi wa mashindano ya shule hapa Nairobi, wazazi watamla mzima.

Mama wa Ngome

Simsifu kwa kuvunja. Namsifu kwa kukiri kwa maandishi, kwa tarehe na sahihi, ili anayefuata asiseme "hata mwaka ule walifanya". Kuna tofauti kati ya kuahirisha kwa siku mbili zinazojulikana na kuacha jambo likielea.

Refa wa Ngara

Kwa kuwa tumefika Reykjavik, tusimsahau Lothar Schmid, mwamuzi mkuu, naye grandimasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha mchezaji. Pale ndipo utaona kazi ya ofisi ikifanyika kwenye bahasha. Vijana wa leo hawajui mchezo kuahirishwa, kwa hiyo nawapa utaratibu.

Muda ulikuwa hatua 40 kwa saa 2 na nusu kila mmoja. Kikao kikiisha na mchezo haujaisha, mwenye zamu haichezi hatua yake ubaoni. Anaiandika kwenye karatasi, anaitia ndani ya bahasha, anaifunga, ndipo anasimamisha saa. Juu ya bahasha panaandikwa majina ya wachezaji, hali ya ubao kabla ya hatua hiyo, muda ambao kila mmoja ameutumia, jina la aliyefunga, namba ya hatua, kama kuna sare iliyopendekezwa, na tarehe, saa na mahali pa kuendelea. Refa anaikagua na kuitunza. Haifunguliwi mpaka anayepaswa kuijibu awepo ukumbini.

Panapoharibika ni penmanshipu. Ukiandika "ngome d1" na ngome zako zote mbili zinafika d1, umepoteza mchezo. Ukiandika hatua isiyo halali, umepoteza. Mtu anaweza kucheza saa tano kama malaika akaangushwa na herufi moja.

Mchezo wa 21, wa mwisho, uliahirishwa hivyohivyo. Spassky alifunga askofu kwenda d7 kama hatua ya 41, akalala, kesho yake tarehe 1 Septemba akapiga simu kukubali kushindwa. Fischer alifika ukumbini, Schmid akatangaza. 12½ kwa 8½.

Kitunda Mpweke

"Penmanshipu" ndiyo nini tena mzee? Sema mwandiko.

Refa wa Ngara

Mwandiko. Nimekubali, hatua imeandikwa vibaya.

Kete Nyeusi

Sasa tufike 1975, maana hapo ndipo mwanahisabati alipojikwaa.

Fischer alidai mechi ya kutetea taji iwe hivi: mshindi ni wa kwanza kupata ushindi 10, sare zisihesabiwe, michezo isiwe na kikomo, na ikifika 9 kwa 9 bingwa abaki na taji. Mkutano wa FIDE wa Nice, 1974, ulikubali ushindi 10 lakini ukaweka kikomo cha michezo 36. Fischer akajiuzulu taji kwa telegramu. Machi 1975 ukaitishwa mkutano wa dharura Uholanzi: kikomo kikaondolewa, lile la 9 kwa 9 likakataliwa kwa kura chache. Manila ilikuwa imeahidi zawadi ya dola milioni 5. Fischer akanyamaza. Tarehe 3 Aprili Euwe akamtangaza mpinzani wake, Karpov wa Urusi, kuwa bingwa.

Piga hesabu ya 9 kwa 9 muione sumu yake. Zamani mechi ilikuwa michezo 24, na 12 kwa 12 ilimwachia bingwa taji. Mpinzani alihitaji ushindi mmoja tu zaidi ya bingwa. Kwa kanuni ya Fischer, mpinzani akifikisha 9 wakati bingwa naye ana 9, mechi imekwisha. Kwa hiyo mpinzani hawezi kushinda 10 kwa 9. Lazima 10 kwa 8 au zaidi. Faida ya bingwa inatoka ushindi mmoja hadi miwili. Wajumbe walioikataa hawakuwa na chuki, walijua kuhesabu.

Lakini angalia walichokipitisha. Michezo bila kikomo! Mtu yuleyule aliyeonyesha mwaka 1929 kwamba kanuni inaweza kuwaruhusu wachezaji kucheza milele, chini ya urais wake FIDE ikaingiza kanuni inayoruhusu mechi iende milele. Mwaka 1978, mechi ya taji ya Baguio ilikuwa ushindi 6 bila kikomo: Karpov alimshinda Korchnoi 6 kwa 5 baada ya michezo 32. Walibahatika.

Diagonali

Na 1984 hawakubahatika. Karpov na Kasparov, wakigombea taji Moscow, walianza Septemba. Karpov alifika 4 kwa 0 haraka, kisha 5 kwa 0. Alihitaji ushindi mmoja. Haukuja. Sare zikafuatana kama matatu kwenye foleni ya Thika Road, na Kasparov akapata 1, kisha 2, kisha 3. Tarehe 15 Februari 1985, michezo 48 imechezwa, 40 kati yake sare, rais wa FIDE wakati huo, Florencio Campomanes, akaisimamisha bila mshindi. Mechi iliyofuata wakarudi kwenye michezo 24.

Ila tuwe waadilifu. 1927 Alekhine na Capablanca nao, wakigombea taji, walicheza mpaka ushindi 6, michezo 34, sare 25. Kanuni ya bila kikomo haikuzaliwa na Euwe. Ilikuwepo, ikazikwa, yeye akaruhusu ifukuliwe kwa sababu alitaka kumbakiza Fischer. Nadhani alijua kabisa. Mtu anaweza kuliona tundu na bado akapita juu yake akitumaini halitammeza.

Mama wa Ngome

Hapo Diagonali umenena.

Niongeze suala la kura, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi. FIDE ni nchi moja, kura moja. Nchi kubwa ina kura moja, Kenya ina kura moja. Euwe alizunguka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini akiingiza mashirikisho mapya, na alipoondoka 1978 wanachama walikuwa wengi kuliko alivyowakuta. Afrika Kusini ilisimamishwa mwaka 1974 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kura za nchi zetu zilikuwa na uzito hapo.

Aliyemrithi, Friðrik Ólafsson wa Iceland, naye alikuwa grandimasta, tangu 1958, tena mwanasheria aliyefanya kazi wizara ya sheria. Mwaka 1980 akiwa rais bado, alikaa ubaoni Buenos Aires akamshinda Karpov, bingwa wa dunia! Mwaka 1981 aliahirisha mechi ya Karpov na Korchnoi ili kuwashinikiza Wasovieti wamruhusu mke na mtoto wa Korchnoi, aliyekuwa ameikimbia nchi hiyo, kuondoka nchini. Wasovieti hawakusahau. Mechi ilianza tarehe 1 Oktoba, Merano. Mwaka uliofuata, kwenye uchaguzi wa Lucerne, Campomanes akamwangusha Friðrik kwa kwenda hasa kwa nchi zile changa ambazo Euwe alizileta ndani.

Kwa hiyo yule grandimasta alipanua ukumbi, na ukumbi ukamtoa grandimasta aliyefuata. Tangu 1982 hakuna grandimasta aliyeshika urais. Bingwa wa zamani Viswanathan Anand alichaguliwa naibu rais mwaka 2022, ndiyo karibu zaidi.

Kitunda Mpweke

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba mchezaji mkali hafai kuwa mwenyekiti?

Diagonali

Polepole. Kenya bado haina grandimasta, kwa hiyo kwa sasa swali hilo ni la kinadharia. Afrika nzima wa kwanza alikuwa Slim Bouaziz wa Tunisia, 1993. Kusini mwa Sahara alikuwa Amon Simutowe wa Zambia, 2009.

Na ili kumpata wa kwetu, kazi ni ya ofisi kuliko ya ubao. Mchezaji anahitaji reitingi (alama za kupima nguvu ya mchezaji) 2500 na nomu (matokeo ya kiwango cha grandimasta kwenye shindano) za jumla ya michezo 27, kwa kawaida nomu tatu. Kila nomu inataka angalau michezo 9 kwa kiwango cha 2600, wapinzani wenye wastani usiopungua 2380, kutoka mashirikisho tofauti, na grandimasta wasiopungua watatu kati yao. Hao utawapata wapi Nairobi? Lazima uwalete: tiketi, hoteli, chakula, siku 9 au 10. Hiyo ni bajeti, viza na barua. Anayejua kufungua askofu kwa ustadi si lazima ajue kuandika barua ya mdhamini.

Refa wa Ngara

Reitingi yenyewe ni tunda la siku za Euwe. FIDE ilikubali mfumo wa Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee, mwaka 1970.

Wazazi wengi wanauliza kwa nini alama za mtoto zinaruka kama panzi. Ni kizidishi. Chini ya miaka 18 na reitingi chini ya 2300, kizidishi ni 40. Mtu mzima aliye chini ya 2400 ana 20. Aliyewahi kufika 2400 ana 10. Mfano: mtoto wa 1600 dhidi ya mtu wa 1800. Kwa tofauti ya 200 mtoto anatarajiwa kupata 0.24. Akishinda anapata 1, zidi ni 0.76, mara 40 ni alama 30.4. Mtu mzima aliyepigwa anapoteza 0.76 mara 20, yaani 15.2. Mmoja kapata 30, mwenzake kapoteza 15, na hakuna aliyeibiwa.

Kitunda Mpweke

Sawa, sasa nina la vitendo. Ligi yetu ya vilabu inaandika kanuni za fainali, na rasimu inasema "mshindi ni wa kwanza kupata ushindi 3". Baada ya kusoma uzi huu nimeogopa. Ukumbi unafungwa saa 12 jioni na mlinzi hana huruma.

Kete Nyeusi

Ogopa kabisa. Rasimu hiyo ni Moscow 1984 ndani ya ukumbi wa kukodi.

Andikeni michezo 6. Muda dakika 60 na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua: mchezo wa hatua 60 ni dakika 90 kwa kila upande, saa 3 kwa jumla. Michezo miwili kwa siku ni saa 6, siku tatu. Msipange mitatu kwa siku. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi 12 jioni ni saa 9 kamili, na mchezo mmoja ukifika hatua 80 mmekwisha.

Ikiwa 3 kwa 3, michezo miwili ya dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5. Kwa hatua 60 hiyo ni nusu saa kwa kila mchezo. Bado sare? Amagedoni, mchezo mmoja wa kuamua: mweupe dakika 5, mweusi 4, bila nyongeza, na sare ni ushindi wa mweusi. Siku ya tatu mnaanza saa 3, saa moja ya chakula, na hata mkifika amagedoni mnaingia saa 11 jioni na dakika chache. Mlinzi bado anakunywa chai.

Mama wa Ngome

Ongezeni kifungu cha malalamiko: yaandikwe, yafike kwa refa kabla ya mchezo unaofuata kuanza, na majina ya watu watatu wa kamati ya rufaa yatajwe kabla ya raundi ya kwanza, pamoja na wawili wa akiba endapo klabu ya mmoja wao inahusika. Kamati ikiundwa baada ya ugomvi, kila mtu atasema imeundwa dhidi yake. Ngazi ya taifa kuna Sheria ya Michezo ya 2013, Msajili wa Michezo na jopo la kutatua migogoro, lakini fainali ya ligi isifike huko kwa sababu ya saa ya dakika 5.

Refa wa Ngara

Na rangi za amagedoni zipigiwe kura mbele ya manahodha wote wawili: askari mmoja mweupe, mmoja mweusi, refa afiche mikono mgongoni, na anayechagua mkono awe yule ambaye hakucheza mweupe kwenye mchezo wa 1. Hilo nalo liandikwe. Lisipoandikwa mtabishana dakika 20, na dakika 20 hamna.